Mkono Ulikimbilia Kushoto

Kenya, Tanzania na Uganda tunaendesha kushoto. Qatar wanaendesha kulia. Mtu akishuka Doha na uzoefu wake wa kwetu, akafanya mtihani wa murur, yaani trafiki wa huko, akakabidhiwa gari, baada ya miezi michache kichwa chake kinazoea. Njia ya kutokea anaitafuta kulia, kwenye mzunguko anaingia kwa kulia, ingawa jina lenyewe tunalouita Bara, kipilefti, limebeba ukushoto ndani yake. Kichwa kinazoea. Mkono ndio sina hakika nao.

Mjadala huu ulizaliwa na mkono mmoja wa aina hiyo. Tulikuwa mtaa wa Najma, Doha, chumba cha chini cha jengo la zamani, kiyoyozi kikinguruma, sahani ya pilau imeshaondolewa na chai ya karak inazunguka kwenye vikombe vya karatasi. Ilikuwa Julai, baada ya sala ya Ijumaa. Kusema kweli zilikuwa Ijumaa kadhaa, nami nimeziweka kwenye kikao kimoja ili mtu aweze kuzifuata. Majina nayaacha. Kulikuwa na dereva wa basi la wafanyakazi, mtu wa Likoni. Kulikuwa na karani wa sheria, binti wa Unguja aliyesoma sheria Dar es Salaam, ambaye sasa anafasiri nyaraka za kesi kutoka Kiarabu. Kulikuwa na nesi kutoka Kisumu, na mzee wetu wa Mombasa aliyewahi kufundisha madrasa, ambaye kila mtu pale humwita Mzee tu. Kijana wa Jinja anayepeleka chakula kwa pikipiki aliingia katikati ya maneno na kutoka kabla hayajaisha.

Swali lilikuwa hili: mtu akifanya kosa ndani ya sekunde moja, akikimbia hatari ambayo hakuileta yeye, je, sheria imwite mzembe?

DEREVA: Nachukua watu Lusail nawarudisha Sanaya. Saa mbili kasoro robo usiku. Niko leni ya katikati, mwendo wa 80, nyuma yangu vichwa arobaini vimeegemea vioo, wamelala. Land Cruiser nyeupe inatoka leni ya mwisho ya kushoto, imekaribia kuipita njia yake ya kutokea na bado inaitaka. Ikanikatia mbele, ikashika breki. Taa ya kukata haikuwashwa. Mimi sikufikiri, dada yangu. Wallahi sikufikiri. Nilikuja kujua nimekata kushoto niliposikia bati linalia. Kulikuwa na pikapu pale. Nikaibana kwenye ukuta wa zege wa katikati. Kijana aliyekaa upande wa abiria, mguu wake ukavunjika juu ya goti.

KARANI: Na Land Cruiser?

DEREVA: Ikaenda zake. Hatukugusana. Murur walipofika hawakuiona, waliona basi, pikapu na ukuta. Karatasi ikaandikwa mkosaji ni mimi. Sasa faili liko niyaba, ofisi ya mashtaka, kusafiri siwezi mpaka kesi iishe, na kampuni inataka kunikata mshahara kwa ajili ya ubavu wa basi.

KARANI: Kwa nini kushoto, kaka? Kulia leni ilikuwa tupu?

DEREVA: Kwa sababu kwetu kushoto ndiko kwenye ukingo! Likoni kwenda Ukunda, matatu ikikujia uso kwa uso, unatupa gari kushoto, unaingia mchangani, unaingia minazini, unashuka unamshukuru Mungu. Miaka kumi na tisa nimeendesha hivyo. Hapa nina mitatu.

Nilimtazama mikono wakati anasema. Aliiweka mbele yake kama ameshika usukani, na alipofika kwenye neno "kushoto" mkono wa kulia ulipanda juu na wa kushoto ukashuka, yenyewe, bila yeye kuituma. Nikaamini kwamba hasemi uongo.

Sekunde hiyo tuipime kwanza. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa sekunde. Dereva mzima, aliyelala usingizi wa kutosha, huchukua sekunde moja hivi, mara nyingine moja na nusu, tangu jicho lione mpaka mguu uguse breki. Kwa hiyo basi linakwenda mita 22 hadi 33 kabla breki haijaanza kazi. Land Cruiser ilipoingia mbele yake ilikuwa, kwa maneno yake mwenyewe, urefu wa magari mawili.

KARANI: Basi kwa sheria tuliyorithi sisi kutoka kwa Waingereza, una pa kujishikia. Mwaka 1816 kuna abiria aliyekuwa juu ya gari la farasi. Kamba ya farasi ikakatika, farasi wakashindikana, yule abiria akaona gari linapinduka, akaruka, akavunjika mguu. Gari halikupinduka. Angekaa, angeshuka salama. Mwenye gari akasema: kajivunja mwenyewe. Mahakama ikakataa. Ikasema mtu aliyetiwa kwenye hatari na mwenzake, akachagua vibaya kwa sababu ya hofu ambayo mtu yeyote angekuwa nayo, kosa hilo si lake.

DEREVA: Huyo ni mimi.

KARANI: Ngoja. Septemba 1878 mtoni Thames, meli ya abiria Princess Alice iliikatia mbele meli ya makaa, Bywell Castle, ikagongwa. Walikufa watu zaidi ya 600 kwa dakika chache. Nahodha wa meli ya makaa alipoona maafa yako mbele yake alitoa amri ya usukani isiyo sahihi, akazidisha. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasema: amri ile ilikuwa makosa, lakini si uzembe. Ilitolewa wakati roho iko mkononi. Huwezi kumtaka mtu aliye katika dhiki ile awe na akili ya mtu aliyekaa kwenye kiti akifikiri kwa nafasi. Na mfano unaokufaa zaidi ni wa New York, 1941. Jambazi mwenye bastola aliingia kwenye teksi akimwamuru dereva aendeshe. Dereva akashika breki ghafla, akaruka nje gari likiwa bado linakwenda. Teksi ikapanda njia ya waendao kwa miguu ikamuumiza mama na watoto wake wawili. Kampuni ya teksi ikashitakiwa. Jaji akasema dereva hakuwa mzembe, kesi ikatupwa.

Dereva alicheka kwa faraja, mara ya kwanza siku hiyo. Nesi hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na mlango, viatu vyake vyeupe vya kazini vimewekwa juu ya gazeti kwa sababu zamu yake ilikuwa inaanza magharibi.

NESI: Na yule mama alilipwa na nani?

Kimya.

NESI: Nauliza kweli. Mama anatembea na watoto wake njiani, anagongwa na teksi isiyo na mtu ndani, jaji anasema hakuna mwenye kosa. Anakwenda wapi? Mimi wanaoletwa kwetu huwa hawana bastola wala usukani. Huletwa na mfupa nje. Huyo kijana wa pikapu ana mke na wazazi kwao wanaosubiri pesa kila mwezi. Mkimsafisha kaka yangu hapa, kwa hayo maneno yenu mazuri ya meli na farasi, mgonjwa anabaki na chuma kwenye mguu na hana hata riyali. Land Cruiser imepotea. Dereva hana kosa. Basi kosa limebaki la mguu wake?

DEREVA: Kwa hiyo unataka nifungwe, dada?

NESI: Sitaki ufungwe. Nataka alipwe.

Hapo ndipo mjadala ulipoacha kuwa wa dereva peke yake. Nakiri kwamba mpaka dakika ile nilikuwa upande wake moja kwa moja, na sentensi mbili za nesi zilinisogeza. Kanuni ya dhiki ya ghafla, kama ilivyokuzwa na mahakama za Kiingereza na kufika kwetu, ina huruma, lakini huruma yake yote imemwelekea aliyeshika usukani. Hukumu huuliza jambo moja tu, mzembe au si mzembe, na jibu hilo moja ndilo linaloamua mambo mawili: kama dereva ana lawama, na kama majeruhi ana fidia.

Mzee alikuwa kimya muda wote, akivuruga sukari ambayo ilishayeyuka zamani.

MZEE: Wanangu, hilo mnalofunga pamoja, fiqhi imelifungua siku nyingi. Mtu akiua kwa khatai, kwa kukosea, hana dhambi ya kuua. Hata hivyo diya, fidia ya damu, ipo, na kafara ipo: kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Kwa nini afunge na dhambi hana? Kwa sababu roho imetoka. Na diya yenyewe haikuwa ya kubebwa na mtu mmoja. Jamaa zake wa kiumeni, akila, ndio waliochangishana, kwa sababu ilijulikana kwamba kukosea kunampata kila mtu na mmoja hawezi kuubeba mzigo ule. Kwa hiyo waweza kuwa huna dhambi na deni likawa palepale.

KARANI: Na hapa Qatar diya iko kwenye sheria ya nchi, Mzee. Sheria Na. 19 ya mwaka 2008 iliweka diya ya aliyeuawa kwa makosa kuwa riyali 200,000. Bima ya gari ndiyo imekalia kiti cha akila.

MZEE: Ndiyo. Lakini nisikilize vizuri, dereva, maana sehemu ya pili si ya kukufurahisha. Wanazuoni wanatofautisha mubashiri na mtasababishi. Mubashiri ni aliyetenda kwa mkono wake, mtasababishi ni aliyeleta sababu. Wakikutana wawili hao, asili ya hukumu ni kwa mubashiri. Aliyeibana pikapu ni nani?

DEREVA: Ni mimi, Mzee.

MZEE: Ni wewe. Ila Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikaa Brunei mwaka 1993, mwezi wa Juni, kikao chake cha nane, likaijadili mada hii hii ya ajali za magari. Wakasema dereva anadhamini anachokiharibu, isipokuwa katika mambo matatu: nguvu isiyozuilika, kosa la aliyeumia mwenyewe, na kosa au uchokozi wa mtu mwingine, ambapo huyo mwingine ndiye atakayebeba. Mtasababishi akiwa amevuka mpaka na mubashiri hakuvuka, mzigo unahamia kwa mtasababishi. Basi Land Cruiser ndiyo imevuka mpaka. Kilichobaki ni kujua kama wewe hukuvuka.

Nikatishe kidogo hapa, kwa sababu neno tunalolitumia linatudanganya. "Ajali" ni neno la Kiarabu, ajal: muda uliopangwa, siku ambayo mtu ameandikiwa kufa. Waarabu wenyewe wa Doha magari yakigongana husema hadith, tukio. Sisi ndio tuliochukua jina la siku ya mtu tukalivalisha gari lililopinduka, kisha juu yake tukaweka methali ya ajali haina kinga. Nimeisikia ikisemwa msibani, na pale ina kazi yake ya kutuliza. Nimeisikia pia ikisemwa na mwenye basi mbele ya askari, na pale ilikuwa inafanya kazi nyingine kabisa.

KARANI: Sheria ya hapa inasema karibu na hayo ya Mzee. Sheria ya Madai, Na. 22 ya mwaka 2004, inamwajibisha kila mtu aliyeleta madhara kwa kosa lake. Halafu inasema mtu akithibitisha kwamba madhara yametokana na sababu isiyokuwa yake, kama nguvu isiyozuilika, tukio la ghafla, kosa la aliyeumia au kosa la mtu mwingine, hatalipa. Kaka, neno zito hapo ni "akithibitisha". Land Cruiser ni lazima uilete. Kuna kamera njia nzima. Basi lenu halina kamera ya mbele?

DEREVA: Ipo. Haifanyi kazi tangu Ramadhani.

KARANI: Umeona.

Kisha karani akasema jambo ambalo mimi sikulijua, na ambalo naona ndilo lenye uzito zaidi kwa hoja ya nesi. Sheria ya madai ya Qatar ni ya ukoo wa Misri, na ile ya Misri ya mwaka 1948 iliandikwa na Abd al-Razzaq al-Sanhuri, aliyesoma Lyon, Ufaransa. Kwa hiyo kinga ya "tukio la ghafla" ina damu ya Kifaransa. Lakini Wafaransa wenyewe waliigeuka kwa upande wa barabara. Sheria yao ya tarehe 5 Julai 1985 inasema dereva hawezi kumwambia majeruhi wa gari kwamba ilikuwa nguvu isiyozuilika au kosa la mtu wa tatu. Majeruhi analipwa kwanza na bima. Baada ya hapo wenye bima, wakitaka, watafutane wenyewe kwa wenyewe kujua nani alimkatia nani. New Zealand walikwenda mbali zaidi tangu 1974: aliyeumia kwa ajali analipwa na mfuko wa taifa, na kushitakiana kwa ajili ya fidia ya mwili kukaondolewa.

NESI: Hivyo ndivyo. Mtu alipwe, halafu ndiyo mzozane.

MZEE: Akila, mwanangu. Hao wameifufua akila.

Ningeweza kuishia hapo, na mjadala ungeonekana umekwisha vizuri. Fidia ikatenganishwa na lawama, majeruhi akalipwa bila kusubiri dereva ahukumiwe, mkono ukasamehewa. Naliamini hilo, nalitaka kwa Doha, na kwa Mombasa na Dar nalitaka zaidi, maana kule majeruhi akishindwa kuthibitisha uzembe hurudi kwao na fomu ya polisi tu. Lakini karani alikuwa hajamaliza na dereva, na namshukuru kwamba hakumaliza.

KARANI: Kaka, nikuulize kama atakavyokuuliza mtu wa niyaba. Kanuni ya hapa ya adhabu inataja uzembe, kutojali, kutochukua hadhari, na kutofuata sheria. Dhiki ya ghafla haimsaidii aliyeitengeneza dhiki mwenyewe. Kwetu Salgaa, Kenya, malori yanashuka mteremko dereva ameweka gia huru ili abanie mafuta. Breki zinapata moto, zinakataa, lori linaparamia watu. Dereva akitoka hai anasema breki zimekatika ghafla. Zimekatika ghafla, ndiyo. Gia huru aliiweka kilomita tatu nyuma. Wewe dharura yako ilianza wapi?

DEREVA: Ilianza Land Cruiser ilipokata.

KARANI: Uliamka saa ngapi siku hiyo?

Dereva hakujibu upesi. Kijana wa Jinja ndiye aliyedakia, kofia ya pikipiki mkononi, jasho limemchora mstari mweupe wa chumvi kwenye fulana.

KIJANA: Mimi kwenye simu yangu kuna saa inahesabu dakika. Nikichelewa naona rangi inageuka. Gari likifungua mlango mbele yangu naitwa mzembe, kwa nini sikuwa mbali nalo. Saa haiitwi mzembe.

Alikunywa maji, akaangalia simu, akatoka. Yale maneno yake yalibaki chumbani.

DEREVA: Niliamka saa tisa na nusu usiku. Saa kumi na nusu nawachukua watu. Kiangazi hapa kuna katazo, kuanzia Juni mosi mpaka Septemba 15, watu wasifanye kazi juani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri. Ni katazo jema, limeokoa watu, sisemi neno. Lakini kwetu sisi kampuni iliipasua siku mara mbili. Asubuhi peleka, saa nne toa, alasiri rudisha, usiku toa tena. Katikati najilaza ndani ya basi. Basi likizimwa ni tanuri. Likiwashwa, msimamizi anauliza mafuta yamekwenda wapi.

NESI: Kwa hiyo saa mbili kasoro robo usiku ulikuwa macho tangu saa tisa na nusu. Saa kumi na sita.

DEREVA: Na robo.

KARANI: Sheria ya kazi ya hapa ni saa nane kwa siku, na za ziada jumla isipite kumi. Watasema ule muda wa katikati ulikuwa mapumziko.

DEREVA: Waje wapumzike wao.

KARANI: Tairi?

Alitoa simu. Alikuwa na picha, nami niliiomba niitazame kwa karibu. Tairi la mbele la kushoto, ubavuni, mpira umepasukapasuka mistari myembamba kama ngozi ya kisigino wakati wa baridi. Kwenye kiduara cha yai kuna tarakimu nne: 3117. Wenye kazi wanajua kuzisoma. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 31 ya mwaka 2017. Tairi hilo lilikuwa limepita majira mengi ya joto la Doha, ambako lami ya mchana huunguza kiganja. Chini ya picha kulikuwa na ujumbe wa sauti aliomtumia msimamizi, sekunde kumi na nane, wiki tano kabla ya ajali, akiomba libadilishwe. Jibu lilikuwa la maandishi, maneno mawili ya Kiingereza, maana yake tutaangalia.

KARANI: Hii umeionyesha nani?

DEREVA: Nani aulize habari ya tairi? Tairi halikupasuka.

KARANI: Halikupasuka, lakini breki hushika kwa tairi. Wakati wa Vita vya Pili basi moja la abiria kule Wales lilipasukiwa tairi, likavuka njia likaanguka bondeni. Kampuni ikasema tumekagua, hatukuwa na namna ya kujua. Kesi ikapanda mpaka Baraza la Mabwana, 1950. Wakasema: tairi huvunjika ndani linapopigwa na jiwe au ukingo wa njia, na nyinyi hamkuwa na utaratibu wa kuwataka madereva waripoti mapigo kama hayo. Kosa ni lenu. Wao walishindwa kwa sababu dereva hakuulizwa. Wewe umesema bila kuulizwa, na hukusikilizwa.

MZEE: Basi mtasababishi si mmoja.

Ndivyo ninavyoona mimi. Tunamwekea dereva mizani juu ya sekunde moja, tunabishana kama angekata kulia, kama angebaki kwenye leni yake akakanyaga breki tu amguse yule wa mbele, na pengine kweli hilo la mwisho ndilo lililokuwa sawa, kwa sababu kugonga kwa nyuma kwa mwendo unaopungua ni afadhali kuliko kumbana mtu ukutani. Mtu aliyelala usiku kucha, aliyefundishwa na kampuni kwa wiki mbili namna ya kuusahau upande wa kwao, labda angeweza. Mtu wa saa ya kumi na saba hawezi. Na waliomfikisha saa ya kumi na saba walikuwa na kiyoyozi, kalenda na nafasi ya kufikiri. Hawakuwa katika dhiki yoyote ya ghafla. Walikuwa na wiki tano za kubadilisha tairi na miezi tangu Ramadhani ya kutengeneza kamera. Uzembe ni neno linalowafaa wao kabla halijamfikia yeye, na sheria ya hapa inao mlango wake, kwa sababu mwajiri anawajibika kwa kitendo cha mwajiriwa wake kazini. Mlango upo ila mtu wa kuubisha ni dereva asiyejua kwamba picha ya tairi ni ushahidi.

Simwondolei yeye yote. Alikuwa anajua amechoka. Aliniambia baadaye, ngazini, kwamba kabla ya Land Cruiser kutokea alikuwa ameshajipiga kofi mara mbili ili asisinzie. Mtu anayejipiga kofi amekwisha kupata habari. Lakini kule Karatu, Tanzania, Mei 2017, basi dogo la shule lilipotumbukia korongoni na wanafunzi 32 wakafa, pamoja na walimu wao wawili na dereva, mmiliki wa shule alifikishwa mahakamani kwa habari za leseni, bima na idadi ya watoto waliopakiwa. Dereva alikuwa maiti, na ndiyo maana macho yakamgeukia mmiliki. Hapa dereva yuko hai, na macho yote yameishia kwake.

DEREVA: Na mshahara? Wanasema watakata mpaka basi lirudi kama lilivyokuwa.

KARANI: Kwanza wafanye uchunguzi uonyeshe ni kosa lako. Hata ukionyesha, makato yasizidi mshahara wa siku saba kwa mwezi. Usitie saini karatasi yoyote ya kukubali. Mandub, mtu wa makaratasi wa kampuni, akija na karatasi, mwambie unasubiri niyaba.

NESI: Na mgonjwa?

MZEE: Kesho baada ya alasiri tutakwenda kumwona. Mimi na wewe, dereva. Utamwambia mwenyewe.

DEREVA: Mzee, wakisikia nimekwenda kumwomba radhi watasema nimekiri.

KARANI: Hawezi kushitakiwa mtu kwa kumtembelea mgonjwa. Nenda, mpe pole, mpelekee matunda. Usimwandikie kitu wala usirekodiwe. Na umwambie bima ya basi ndiyo inayotakiwa imlipe, afungue madai sasa, asisubiri kesi yako iishe.

Nesi alikuwa ameshaanza kuvaa viatu. Alimwambia dereva chumba ambacho wagonjwa wa mifupa huhamishiwa baada ya siku tatu, na saa za kutembelea, na kwamba yule kijana hapendi machungwa, anapenda zabibu. Hapo tu ndipo tulipotambua kwamba alikuwa anamjua, na kwamba tangu mwanzo wa mazungumzo alikuwa anamsemea mtu wa kitanda fulani.

Karani akatoa daftari, akamsogezea dereva pamoja na kalamu. Maelezo ya niyaba yalitakiwa Jumapili, naye angeyafasiri Jumamosi usiku.

DEREVA: Naanza na Land Cruiser?

KARANI: Anza na ulivyoamka.

Akainama juu ya daftari. Aliandika kwa herufi kubwa, polepole, kama mtu anayejaza fomu ya benki, akafuta saa tisa na nusu akaweka 3:30 kwa sababu watakaosoma wanahesabu hivyo, kisha akaendelea.